Tulisaini Tumeondoka

Prisca mwanangu,

Umeshuka mjini kusuka nywele, na ukikaa kwa yule dada wa sokoni hutoki kabla ya saa kumi na moja. Kwa hiyo nina mchana mzima. Ng'ombe amekula, mtori wa ndizi uko jikoni umefunikwa, na mimi nimekaa mezani na kalamu yako ya chuo na karatasi nilizochana katikati ya daftari lako la zamani. Usikasirike, nimechana zile ambazo hukuandika kitu.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Wiki nzima nimejaribu. Jumatatu tulipokuwa tunakata majani ya ng'ombe nilianza kabisa, nikasema, "Prisca, kuna jambo," ukaniuliza kama sweta la kijani litafaa Morogoro. Nikasema Morogoro kuna joto, tukabishana habari za joto, jambo likapita. Jana nilianza tena, Mama Oliva akapiga hodi. Mimi ambaye watu wananijua kwa mdomo, nimeshindwa na mtoto niliyemzaa mwenyewe. Basi naandika. Kesho nitakupa bahasha hii mlangoni mwa basi, na nakuomba usiifungue mpaka mmepita Mombo. Ukiifungua pale stendi nitaona aibu nikunyang'anye mbele ya abiria.

Sitaandika habari za kufunga mlango, wala kuchemsha maji, wala wanaume. Hayo ya wanaume tuliyamaliza wakati wa kukamua, na ng'ombe ni shahidi.

Jambo langu ni hili. Alhamisi ijayo nakwenda kuapa pale mjini, mbele ya tume inayosuluhisha migogoro ya kazi. Katika maneno nitakayoyaapia, jina lako limo. Litasomwa kwa sauti, watu wakisikia. Nataka ulisikie kwangu kwanza, na ujue limefikaje huko.

Unajua nilifanya kazi lile shamba la maharage machanga kule chini. Ila hujui tulivyofanya, kwa sababu miaka hiyo ulikuwa bweni kule Mkuu, Rombo, na ukija likizo ulinikuta nimelala au nimeondoka. Kazi ilikuwa ukumbini, jengo refu la bati lenye meza za chuma. Tulikuwa wanawake thelathini na mmoja, wengi wa huku Kibosho, wachache wa mjini. Koti jeupe, kofia ya wavu, buti, glovu. Tunakata ncha za maharage kwa visu vidogo, tunayapanga kwenye trei, yaliyopinda tunatupa. Maharage yale yalikuwa yanakwenda Ulaya, na mara tatu kwa wiki tulikuwa na siku tuliyoiita siku ya ndege. Siku hiyo hatoki mtu mpaka lori la baridi limejaa. Saa mbili usiku, saa tatu, mara nyingine saa nne.

Sasa sikiliza. Saa kumi kamili jioni msimamizi anapita na daftari la mahudhurio. Kila mtu anavua glovu moja, anasaini kwamba ametoka kazini, anaivaa glovu yake, anageukia meza, anaendelea kukata. Kwenye daftari wote tumeondoka. Ukilisoma unaona ukumbi mtupu, wanawake wako nyumbani wanamenya ndizi. Na sisi tuko palepale tumesimama, miguu imevimba ndani ya buti. Miaka sita nilisaini hivyo, Prisca, na sikuwahi kuona ajabu. Nilichoona ni kwamba nina kazi na jirani yangu hana.

Aliyeona ajabu ni Mama Oliva. Ndiyo, huyu huyu wa jumuiya yetu ya kanisani, aliyekushika mkono siku ya komunyo yako ya kwanza kwa sababu mimi nilikuwa kazini. Hajui kusoma, unajua. Siku moja ya mshahara alisimama kwenye dirisha la kulipia akauliza, kwa sauti yake ile ya kuitia kuku, "Naomba kuuliza. Hizi saa za baada ya saa kumi ni za nani?"

Watu walicheka. Mhasibu alicheka. Mimi nilicheka pia.

"Siulizi ili mcheke," akasema. "Kama siyo zangu niambiwe, nikazilale nyumbani."

Yeye ndiye aliyetufikisha kwenye ofisi moja ya msaada wa sheria mjini. Tulimkuta binti mwanasheria, mdogo kabisa, mpaka mwenzetu mmoja, Mama Jenista, akamuuliza kama baba yake yupo. Binti huyo alituambia hatuna haja ya kwenda mmoja mmoja. Tunaweza kudai wote kwa shauri moja, mradi tumchague mtu mmoja wa kutuwakilisha na wengine wote wasaini kumruhusu. Wote wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimefika kidato cha nne na sikuwa naogopa kuongea na mtu aliyevaa tai. Wanawake thelathini walisaini kunipa dhamana yao. Mama Oliva aliweka dole gumba, akaliangalia lile doa la wino kwenye karatasi, akaniambia, "Haya, Mama Prisca. Hicho ndicho kidole changu. Usikipoteze." Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi sipotezi vitu vya watu.

Shauri likafunguliwa, tukapangiwa siku. Tulikuwa na furaha kipindi kile, sikufichi. Tukisimama mezani siku ya ndege tulikuwa tunaambiana kwa chini, "Saa hizi zina mwenyewe." Tukacheka wenyewe kwa wenyewe, msimamizi asijue tunacheka nini.

Halafu ikaja Jumapili moja baada ya misa ya pili. Nilikuwa jikoni kwa Babu yako, mzazi wa marehemu baba yako, nikasikia watu wanabisha hodi uwanjani. Alikuwa Deo, meneja wa ukumbi wetu. Unamjua kwa sura; ni wa kijiji cha pili kutoka hapa, tulisoma naye shule ya msingi, alikuwa ananiazima kichongeo. Alikuja na mjomba wake, galoni la pombe ya mbege, na jani la isale lililofungwa fundo.

Wewe umekua unayaona masale kwenye mpaka wa kihamba chetu, hapa kwenye migomba, na kwenye makaburi ya wazee. Habari zake umezisikia, ila hujawahi kuona jani likiletwa. Mimi nililiona siku ile. Mtu aliyekukosea akija na jani la isale, hukatai. Hata kama amekuchomea nyumba hukatai, utalia tu huku unapokea. Babu yako alikuwa mtu wa kanisani, lakini jani hilo lilikuwa kwake zito kuliko sahihi ya hakimu.

"Baba," Deo alisema akiwa amepiga goti, "nimekuja kwa unyenyekevu. Mimi na mkweo tumekosana kazini. Kama nimemkosea, naomba yaishe. Sisi ni watoto wa mlima mmoja, tusifikishane mbele ya serikali."

Babu alilipokea kwa mikono miwili. Akaniita. "Mama Prisca, jani limeingia. Habari za kushitakiana zimekwisha."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Ningeweza kusema: Baba, jani limeletwa kwangu, lakini shauri ni la watu thelathini na mmoja. Mimi naweza kumsamehe Deo, ila siwezi kumsamehe kwa niaba ya Mama Oliva. Maneno hayo nayajua vizuri sana leo. Nimeyasema zizini peke yangu mara nyingi, mpaka ng'ombe ameyazoea. Siku ile niliinamisha kichwa nikaanza kugawa vikombe.

Watu waliponiuliza baadaye, niliwaambia ni isale. Ningefanyaje, jani limeingia, baba mkwe amelipokea? Watu wengi hapa Kibosho walinielewa. Wengine walinihurumia hata. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wanaijua.

Ambayo hawaijui ni hii. Niliwasindikiza wageni mpaka kwenye mibuni. Mjomba akatangulia, Deo akabaki nyuma kidogo. Akasema bila kuniangalia, "Nasikia binti amepata chuo." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ukija Jumatano ofisini tusaini ile karatasi ya kuondoa shauri, saa za kwako tutazilipa. Za kwako tu, lakini."

Barua yako ya chuo ilikuwa na wiki tatu chini ya kitambaa cha redio. Baba yako alikuwa ameshatutoka. Kahawa mwaka ule ilipukutika ikiwa changa, na ng'ombe alikuwa amekauka maziwa. Nilikuwa nakuona unaiinua ile barua unaisoma tena, unairudisha polepole ili nisisikie. Nilikuwa nasikia.

Jumatano nilikwenda. Nilisaini kwamba mimi, mwakilishi, naliondoa shauri. Nikapewa za kwangu. Ijumaa nikalipa ada yako benki, nikarudi na stakabadhi, ukanikumbatia tukiwa hapa hapa mezani, ukasema, "Mama, wewe ni jembe." Nikacheka, nikakuambia nenda kachote maji. Nilitaka utoke ili nikae chini.

Kwa hiyo haikuwa heshima kwa Babu, mwanangu, wala mila. Lile jani ni jembamba, lakini nilijificha nyuma yake nikaenea mzima.

Na wenzangu sikuwaambia. Hilo naliandika polepole kwa sababu ni baya kuliko kusaini. Siku ya kusikilizwa ilipofika, walichanga nauli wakakodi gari la Noah, wakavaa vitenge vyao vya kwenda misa, wakaenda mjini. Wakaambiwa pale mapokezi kwamba shauri lilishaondolewa na mwakilishi wao. Mama Oliva akanipigia. Nilikuwa hapa uani naanika nguo. Niliishika simu mkononi nikaiangalia inalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Ikanyamaza. Nikaendelea kuanika.

Madai ya kazi yana muda wake kisheria, na muda ukapita wakati wenzangu bado wanaulizana kama ni kweli. Kisha shamba likaacha kuwaita baadhi yao, Mama Oliva wa kwanza. Akaanza kuuza ndizi sokoni. Zamu ya sala za jumuiya ilipofika hapa nyumbani, nilipika kama mtu anayeozesha mtoto. Walikuja wawili, na mmoja hakukaa hata kunywa chai. Uliponipigia jioni ukauliza jumuiya ilikuwaje, nikakuambia walijaa mpaka nje.

Mimi nikapandishwa. Wakanipa usimamizi, wakanipa na daftari. Ndiyo, lile. Saa kumi kamili nilikuwa napita meza kwa meza, nasema, "Saini hapa, dada. Saini hapa." Karibu miaka miwili. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yako, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nilikutwisha mzigo ambao hata hukujua umebeba. Wewe ulikuwa chuoni unasoma mambo ya utumishi, unanipigia simu unanieleza haki za mfanyakazi kwa furaha, na mimi nakuambia, "Vizuri, mama. Soma."

Mwaka wako wa mwisho alikuja mfanyakazi mpya, Bi Mwanaidi, wa Pasua kule mjini. Mtu mzima kunizidi mimi, alikuwa akiuza mitumba mpaka mtaji ukakatika. Siku yake ya kwanza ya ndege nilimpelekea daftari. Akavaa miwani yake, akasoma. Hakuna mtu aliyewahi kulisoma lile daftari, tulikuwa tunatafuta jina tu.

"Hapa panasema nimeondoka," akaniambia.

"Ndiyo, Bi Mwanaidi. Wote tunasaini hivyo."

"Basi niende?"

"Hapana, tunaendelea mpaka lori lijae."

Akalisoma tena. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mgeni anayeulizia njia, "Nikishasaini nimeondoka, kisu kikanikata, nitakuwa nimekatwa nikiwa wapi?"

Nikamnyooshea kalamu. Akaichukua, akasaini, akavaa glovu yake. Nilidumu wiki mbili zaidi. Kila saa kumi aliniangalia juu ya miwani, wala si kwa hasira, alikuwa bado anasubiri jibu tu. Mwisho nikaenda nikaliweka daftari mezani kwa Deo. Akaniuliza, "Umechoka, Mama Prisca? Chukua likizo kidogo." Nikamwambia naondoka, na safari hii naondoka kweli. Wewe nilikuambia magoti yananisumbua. Magoti yangu ni mazima kabisa, hata kesho naweza kubeba begi lako mpaka barabarani.

Nikafanya nilichojua kufanya. Nilikata isale refu kuliko yote mpakani, nikalifunga fundo, nikaenda kwa Mama Oliva Jumamosi mchana. Alikuwa anafuta mikungu vumbi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nikapiga goti nikampa. Akajifuta mikono kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili. "Nimelipokea," akasema. "Na sisemi kwa mdomo tu. Nimechoka kukuchukia, aisee. Kunachosha kuliko ile meza ya maharage."

Nililia, Prisca. Nililia mpaka kuku wakakimbia. Akaniacha, akaenda jikoni, akarudi na chai. Nilipotulia akaniuliza, "Umemaliza? Haya, sasa tuzungumze kesi."

"Kesi gani, dada? Si umeshalipokea jani?"

"Jani nimelipokea mimi. Hapa ndani," akajigonga kifuani, "pamekwisha. Lakini jani halilipi saa za mtu. Na kwani tulikuwa wawili? Wapo ishirini na tisa wengine. Hao umewapelekea nini?"

Umri huu wote, na watu wakiniita mjuaji, sikuwa nimewaza hivyo. Nilidhani kusamehe na kudai ni kitu kimoja, ukishika hiki unaachia kile. Mama asiyejua kusoma alikaa kwenye kigoda akavitenganisha vitu hivyo viwili huku anapuliza chai. Hata lile la Deo, aliniambia, lilikuwa jani zuri tu; angekuja nalo akaacha karatasi ofisini, angesamehewa na saa zingelipwa, na kila mtu angelala.

Tulirudi pamoja kwa yule binti mwanasheria. Akasema wanaweza kuomba wasikilizwe ingawa muda umepita, kama watathibitisha kwamba hawakuzembea, ila mwakilishi wao aliliondoa shauri kwa siri baada ya kulipwa peke yake. Hilo anayeweza kulisema kwa kiapo ni mimi. Na kinachoonyesha nililipwa ni ile stakabadhi ya benki, ya siku mbili baada ya saini yangu. Ina jina lako kamili, na jina la chuo.

"Mama," binti yule akaniambia, "wakili wa upande wa pili atakuuliza kama mwanao alijua."

Nikamwambia hakujua. Hilo nitaliapia kwa nguvu zangu zote, na nikiulizwa mara kumi nitaapa mara kumi. Nimeambiwa maswali yanaweza kuwa mabaya, na kwamba hata tukisikilizwa hakuna anayejua kama tutashinda. Wenzangu wanajua hivyo. Wamesaini upya wote. Karatasi sasa anayo Mama Oliva, yeye ndiye mwakilishi, na Bi Mwanaidi ndiye anayemsomea.

Na wale ishirini na tisa niliwafuata, mmoja mmoja. Mpaka wetu upande wa mtoni umebaki kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Uliuliza nikakuambia ni mbuzi wa jirani. Mbuzi hana kosa. Wengi walipokea vizuri. Mmoja alinipikia. Ila Mama Jenista, yule aliyeachishwa kazi akiwa na mimba ya mwisho, alinyoosha mkono akiwa ameangalia ukuta. "Ningeweza kukataa ningekataa," akasema. "Weka hapo." Nikaliweka juu ya stuli nikatoka. Njia nzima ya kurudi nilijisikia kama nimemwibia tena.

Keshokutwa utaingia ofisi ya utumishi ya kile kiwanda cha nguo, utapewa kiti na kompyuta, na mimi nitajigamba kijiji kizima, hilo jua. Lakini utakuwa umekaa upande wa meza aliokaa Deo. Deo siyo mtu mbaya, mwanangu. Ana mabosi wake, na nadhani alikuwa na ada zake za kulipa. Alinihurumia kweli pale kwenye mibuni, nilimwona. Alitumia kitu kizuri mahali pasipo pake, na mimi nikamsaidia.

Siku watakapokupa daftari, na itafika mapema kuliko unavyodhani, sitakuwepo kukuambia ufanye nini. Wala sijui siku hiyo utakuwa umebanwa na nini. Pengine kodi ya nyumba. Pengine nitakuwa mimi, nimelala hospitali, na wewe ndiye unayetuma pesa za dawa. Kama ni mimi, nakuambia leo nikiwa na akili zangu na magoti yangu: usinifanye mimi kuwa jani lako. Sema unaogopa, sema unahitaji mshahara, hayo ni ya kibinadamu na mtu anaweza kukusaidia. Usiseme ni kwa ajili ya mama.

Kesho stendi Mama Oliva atakuja kukusindikiza, na atakuletea ndizi nyingi kuliko unavyoweza kubeba. Chukua zote. Anajua nimekuandikia. Ada yako ile ilipatikana kwa sababu saa za mikono yake hazikulipwa, na hajawahi hata siku moja kukutazama vibaya. Alinikataza nisikutie aibu. Nikamwambia kwamba wewe si wa kutiwa aibu. Ulisoma kwa bidii yako, hilo hukupewa na shamba wala na mimi, na hakuna kiapo kitakachokunyang'anya.

Bado jambo moja, halafu nikaangalie mtori.

Asubuhi ulipokuwa unaoga nilikwenda mpakani nikakata isale. Nililifunga fundo, nikaliweka kwenye begi lako, chini ya lile sweta la kijani ambalo naona umelipakia hivyo hivyo. Nikafunga zipu. Nikakaa kitandani kwako, nikaiona akilini ile stuli ya Mama Jenista. Nikafungua zipu nikalitoa.

Siyo kwamba sitaki unisamehe. Nataka, Prisca, nataka kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini jani hilo halikataliwi, na wewe nataka uweze kukataa. Ukasirike kama unataka kukasirika. Ukae nayo barua hii wiki, mwezi, utakavyo. Utakachoniambia kitoke kwako mwenyewe, siyo kwa sababu mama amekutegea jani ndani ya nguo. Alhamisi nitakwenda kuapa kwa vyovyote, hilo halikungoji wewe.

Basi lako linafika Morogoro jioni. Kuanzia saa kumi nitakuwa nimekaa hapa na simu mkononi. Isipolia, sitalaumu. Ikilia, mwanangu, safari hii nitapokea.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama